Taarifa za ajira kwa mwanachuo wa Tabora: kuzipata, kuzipima na kuzitumia

Tangazo la kazi ni hatua ya mwisho ya safari ndefu ya taarifa. Kabla halijabandikwa, sifa za cheo zimeshaandikwa kwenye muundo wa utumishi, mshahara umeshaombwa kwenye bajeti, na mwajiri wa serikali ameshasubiri kibali. Mwanachuo anayesubiri tangazo ndipo aanze kuhangaika na cheti cha kuzaliwa hubaki na siku 14, ambazo ndizo matangazo mengi ya serikali hutoa, na mara nyingi tangazo humfikia kwenye simu zikiwa zimebaki nne. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: taarifa kwanza, nyaraka pili, tangazo baadaye. Umeandikwa kwa ajili ya walio vyuoni Tabora, kwa hiyo mifano mingi ni ya huku, ingawa mifumo ya serikali inayotajwa ni ileile nchi nzima.

Anza na cheo

Ukiwa bado mwaka wa kwanza, chagua vyeo viwili au vitatu ambavyo kozi yako inavilenga, kisha tafuta matangazo ya zamani ya vyeo hivyo. Usisumbuliwe na kwamba muda wake umekwisha. Hapa unatafuta sifa, hujaanza kuomba. Kwa kazi za serikali, sifa za cheo kimoja hazibadiliki ovyo kutoka halmashauri moja hadi nyingine kwa sababu zinatoka kwenye muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada husika. Tangazo la Mtendaji wa Kijiji la Sikonge na lile la Igunga yatafanana karibu neno kwa neno.

Mifano mitatu ya vyeo vinavyotangazwa mara kwa mara na halmashauri inaonyesha kwa nini hili linalipa.

Mtendaji wa Kijiji wa daraja la tatu anatakiwa awe amehitimu kidato cha nne au cha sita na awe na astashahada ya ngazi ya tano katika fani kama utawala, sheria, elimu ya jamii, usimamizi wa fedha au maendeleo ya jamii. Hapo kuna mtego: astashahada ya awali, ile ya ngazi ya nne, haitoshi. Anayeacha chuo baada ya ngazi ya nne akiamini ana "cheti" hujikuta nje bila kuelewa kosa lake.

Mwandishi Mwendesha Ofisi anatakiwa awe na stashahada ya uhazili ya ngazi ya sita, awe amefaulu hatimkato, yaani mwandiko wa mkato, ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 100 kwa dakika, na ajue programu za kompyuta za ofisini. Maneno 100 hayapatikani ndani ya wiki mbili za dirisha la maombi. Anayesoma uhazili kwenye kampasi ya Tabora ya Chuo cha Utumishi wa Umma akilijua hili muhula wa kwanza ana muda wa kutosha wa mazoezi. Akilijua baada ya mahafali, hana.

Msaidizi wa Kumbukumbu wa daraja la pili huhitaji stashahada ya masijala, ya mahakama au ya ardhi pamoja na ujuzi wa kompyuta. Ujuzi huo lazima uwe na karatasi. Kama kozi yako haina cheti cha kompyuta, tafuta cha pembeni wakati wa likizo.

Kusanya matangazo kama 20 ya fani yako, ya serikali na ya binafsi yakichanganyika. Yaandike kwenye jedwali la Excel au daftari la kawaida: mstari mmoja kwa kila tangazo, safu moja kwa kila sifa. Weka alama kila sifa inapojitokeza. Ukimaliza, jumlisha. Sifa inayojirudia katika matangazo 15 kati ya 20 ndiyo ya kushughulikia sasa, iwe ni leseni, cheti cha kompyuta, usajili wa bodi ya taaluma au Kiingereza cha kuandika ripoti. Sifa iliyojitokeza mara moja iache. Jedwali hili la jioni mbili au tatu lina thamani kuliko semina nyingi za ajira, kwa sababu linakwambia waajiri wa fani yako wanaandika nini, wala si mtu fulani anadhani nini.

Nyaraka: majina yakutane

Wengi hukosa kuitwa kwenye usaili si kwa kukosa sifa bali kwa karatasi. Fanya kazi hii ukiwa bado na miezi, kwa mpangilio huu.

Panga mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti au matokeo ya chuo, na kitambulisho cha Taifa. Soma majina herufi kwa herufi. Saidi na Said, Mwanaisha na Mwanahisha, jina la babu lililopo huku na kukosekana kule: kwa macho ya mchujo hao ni watu wawili. Tofauti ya majina huhitaji hati ya uthibitisho wa majina inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Huandikiwi siku moja, na kwenye usaili wa serikali utaulizwa hati hiyo, si maelezo ya mdomo.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa kwa mfuatano huo. Linganisha na cheti cha kuzaliwa. Zikipishana, nenda ofisi ya NIDA ya wilaya ukiwa na cheti cha kuzaliwa mapema, maana mifumo ya maombi husoma taarifa zako kwa namba hiyo. Ambaye kadi haijatoka hana haja ya kuisubiri. Namba inatosha kwa kujaza, na inaweza kuulizwa kwa kupiga \*152\*00# na kufuata menyu.

Cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA, na wilayani huduma yake iko ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Baadhi ya waombaji bado wana tangazo la kizazi walilopewa hospitali na kudhani ndicho cheti. Sicho. Ukishakuwa na cheti chenyewe, tengeneza nakala na uigongeshe muhuri kwa wakili, kwa kuwa matangazo ya serikali hutaka cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa na mwanasheria.

Kuhusu vyeti vya masomo, hili lisomwe mara mbili: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba hati za matokeo za muda, "result slip" za kidato cha nne na sita, na barua za kueleza kuwa mtu amehitimu hazikubaliwi. Kwa hiyo, kama chuo kinachelewa kutoa vyeti, fuatilia ofisi ya mitihani badala ya kujaribu bahati na karatasi isiyokubalika. Aliyesoma nje ya nchi apeleke vyeti vyake vikahakikiwe na mamlaka inayohusika: NECTA kwa sekondari, NACTVET kwa vyuo vya kati, TCU kwa vyuo vikuu.

Halafu skana. Steshenari karibu na stendi au chuoni watakufanyia, ila simamia mwenyewe. Kila cheti kiwe faili lake la PDF, kurasa zikiwa wima, muhuri na saini vikisomeka, ukubwa usizidi megabaiti moja. Ukiweka skana kwenye dpi 150 hadi 200 utapata hapo. Picha ya simu iliyopigwa kwenye kivuli cha mkono, na kona ya cheti imekatwa, hukataliwa na mtu ambaye hutamwona ukamweleza. Yape mafaili majina yanayoeleweka, mfano *cheti-kidato4* badala ya *scan0047*, maana siku ya kupakia utakuwa na haraka na utaambatisha cheti cha ndugu yako. Hifadhi nakala mahali pawili: kwenye barua pepe yako na kwenye flashi. Simu peke yake haitoshi.

Taarifa za Tabora ziko wapi

Chanzo cha kwanza kwa kazi za umma ni Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002 na marekebisho yake ya 2007. Fungua tovuti ya ajira.go.tz mara mbili kwa wiki, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi, wala usisubiri kundi la WhatsApp. Huko kuna sehemu tatu za kutazama: matangazo ya kazi, wanaoitwa kwenye usaili, na wanaopangiwa vituo. Sehemu ya tatu wengi huipuuza, na ndiyo inayoonyesha taasisi zipi zinaajiri kada yako na kwa wingi gani.

Cha pili ni halmashauri. Mkoa wa Tabora una nane: Manispaa ya Tabora, Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua, Igunga, na Nzega zikiwa mbili, ya mji na ya wilaya. Kila moja ina tovuti inayoishia na *.go.tz* yenye ukurasa wa matangazo, na ubao wa matangazo mlangoni mwa ofisi ya Mkurugenzi. Ubao haujafa. Kazi za muda, kama za sensa ya 2022 au uandikishaji wa wapiga kura, hupitia halmashauri na ofisi za kata, na dirisha lake huwa fupi. Kazi za namna hii zinaonekana ndogo, lakini huleta uzoefu wa kuandika kwenye CV na jina la msimamizi anayeweza kuwa mdhamini wako.

Cha tatu ni TaESA, huduma ya ajira ya serikali. Mhitimu hujisajili kwenye mfumo wake na anaweza kuunganishwa na waajiri au na mafunzo ya uzoefu wa kazi, yaani utarajali, ambao kwa mwongozo wa taifa huwa wa miezi sita hadi 12. Kwa anayekwama kwenye sharti la uzoefu, huu ndio mlango wa halali wa kuupata.

Nje ya serikali, Tabora ina mambo yake, na hapa ndipo taarifa za mtaani zinapoishinda intaneti.

Tumbaku kwanza. Vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, huajiri makatibu, wahasibu na makarani wa msimu. Makampuni yanayonunua huhitaji maafisa ugani wa kuzungukia wakulima Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui. Kazi hizi hufuata msimu: vitalu huandaliwa kabla ya mvua, miche huhamishiwa shambani mvua zikianza, masoko hufunguliwa mwakani baada ya kukausha. Afisa ugani hutafutwa kabla ya vitalu, karani kabla ya soko. Aliyemaliza Tumbi au chuo kingine cha kilimo akipeleka barua soko likiwa katikati amechelewa. Ulizia kwenye chama kikuu, au kwa Mrajisi Msaidizi wa Vyama vya Ushirika wa mkoa ujue ni AMCOS zipi hazina mhasibu.

Pili ni reli. Vipande vya reli ya kisasa vinavyokutana Tabora, kile cha kwenda Isaka chenye kilomita 165 na cha Kigoma chenye 506, kila kimoja kina mkandarasi mkuu na chini yake wakandarasi wadogo wengi wa udongo, madaraja, ulinzi, chakula na usafirishaji. Mkandarasi mkuu hutangaza. Mdogo hubandika karatasi kwenye geti la kambi au humwambia mwenyekiti wa kijiji. Kwa fundi wa Chuo cha Reli au wa VETA, kufika kambini asubuhi na nakala tatu za CV bado ni njia inayofanya kazi. Kwa mhasibu au afisa rasilimaliwatu, barua pepe ndiyo hupokelewa.

Nyuki na misitu: wahitimu wa Chuo cha Nyuki waangalie TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), halmashauri na pia miradi ya wafadhili inayofanya kazi na vikundi vya wafugaji nyuki. Miradi haitangazi kwenye Ajira Portal. Hutangaza kwenye tovuti zao, magazeti, na kwa mashirika ya kibinadamu kwenye ReliefWeb, ambako ukichuja kwa Tanzania utaona nafasi za mkoa wa Kigoma pia, kwenye kambi za wakimbizi. Mikataba hiyo mingi ni ya muda na hufuata fedha za mfadhili. Soma muda wa mkataba kabla ya kufunga safari ya Kigoma.

Benki na hospitali binafsi: tazama tovuti zao wenyewe, basi.

Daftari la ufuatiliaji

Kila tangazo unaloamua kuomba liandikie mambo haya: tarehe uliyoliona, mahali ulipoliona, kiungo cha chanzo halisi, cheo, mwajiri, siku ya mwisho na saa, nyaraka zinazotakiwa, tarehe uliyotuma, jibu. Pakua na PDF ya tangazo lenyewe uitunze. Likishaondolewa kwenye tovuti hutaliona tena, na siku ya usaili ndipo utakapohitaji kusoma majukumu ya kazi uliyoomba miezi mitano nyuma.

Jiwekee siku ya mwisho yako, siku tatu kabla ya ile ya mwajiri. Usiku wa mwisho mfumo huelemewa, umeme hukatika, na steshenari hufunga.

Kupima tangazo kabla ya kuliamini

Matangazo yanayozunguka kwenye makundi hukatwa kichwa na miguu: tarehe haipo, jina la mwajiri limefupishwa, kiungo kinapeleka kwenye blogu yenye matangazo ya biashara. Rudi nyuma hadi chanzo. Kama ni kazi ya serikali na haipo ajira.go.tz wala tovuti ya taasisi husika, ichukulie kuwa haipo mpaka ionekane. Soma anwani ya tovuti kuanzia kulia: serikali ya Tanzania huishia na *.go.tz*. Maneno "ajira" na "go" yakiwa katikati na mwisho ni *.com* au *.xyz*, funga ukurasa.

Kuna dalili nyingine za utapeli, na zinafanana sana. Unapigiwa simu kwamba umechaguliwa kwenye kazi hukuomba. Unaombwa pesa: ya fomu, ya kufungua faili, ya vipimo vya afya, ya sare, ya "afisa wetu wa Dodoma". Kuomba kazi serikalini hakulipiwi chochote kwa mtu yeyote. Mshahara umetajwa mkubwa na sifa hazikutajwa kabisa. Barua pepe ya mwajiri ni ya bure wakati mwajiri huyo anajulikana kuwa na tovuti yake. Ukipata ujumbe wa namna hiyo, utume kwenda 15040, namba ya kuripoti ujumbe wa kitapeli, na usiwatumie picha ya kitambulisho chako hata kama wanasema ni ya "kuhakiki". Mbaya zaidi ni pale tapeli anapojua jina lako kamili na kozi yako. Hilo halimthibitishi, majina ya wanaoitwa kwenye usaili hutangazwa hadharani na kila mtu anaweza kuyasoma.

Pia kuna tangazo la kweli lisilokufaa. Soma sehemu ya sifa kabla ya sehemu ya mshahara. Kwa kazi za umma umri huwa usiozidi miaka 45 kwa asiye mtumishi. "Sifa za mwombaji" ni masharti yote kwa pamoja. Kukosa moja ni kukosa yote. Kwa kampuni binafsi na mashirika, pana tofauti kati ya kinachotakiwa lazima na kinachopendelewa. Ukiwa na vya lazima vyote na ukakosa vinavyopendelewa, omba. Sharti la "uzoefu wa mwaka mmoja" kwa mkandarasi mdogo wakati mwingine hulegea, kwa serikali halilegei.

Kujaza Ajira Portal bila kujichimbia

Fungua akaunti kwa barua pepe yako mwenyewe na namba ya simu unayoimiliki. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo kosa lililozoeleka kuliko yote: kijana anaenda steshenari, mhudumu anafungua akaunti kwa barua pepe ya duka, na miezi sita baadaye nywila haijulikani, mhudumu kahama, na namba ya NIDA tayari imeshatumika hivyo akaunti mpya haikubali. Kama hujui kufungua barua pepe, jifunze hilo kwanza. Nywila iandike kwenye daftari linalobaki nyumbani.

Jaza wasifu wote kabla hujatafuta tangazo la kuomba: taarifa binafsi, mawasiliano, elimu, taaluma, lugha, uzoefu wa kazi, mafunzo ya muda mfupi, ujuzi wa kompyuta, wadhamini, viambatisho. Mahali panapoangusha watu ni elimu. Kozi yako lazima uichague kwenye kundi lake sahihi na kwa jina lilivyo kwenye cheti. Aliyesoma utunzaji wa kumbukumbu akaiweka chini ya kundi la utawala kwa sababu "zinafanana" hataonekana mchujo ukitafuta watu wa kumbukumbu. Sekretarieti yenyewe hutoa matangazo ya kuwakumbusha waombaji wahuishe sehemu hii. Jina la kozi likikosekana kabisa, wasiliana na dawati la msaada la Sekretarieti. Usichague la jirani.

Weka ngazi zote. Mwenye shahada bado anatakiwa kuonyesha kidato cha nne. Namba ya mtihani iandikwe na mwaka wake, na cheti kinacholingana kiambatishwe hapohapo kwenye mstari wake. Cheti cha kidato cha sita kikipakiwa kwenye nafasi ya kidato cha nne, mfumo utakubali, mtu atakayekagua hatakubali.

Ukishatuma, ingia sehemu ya maombi yako uone kama limepokelewa. Mchujo ukimalizika, akaunti huonyesha kama umepita, na kama hukupita huonyesha sababu. Sababu hiyo ni taarifa bora kuliko ushauri wa rafiki. "Hakuna cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa" unairekebisha ndani ya wiki. "Sifa hazilingani" inakutaka urudi kwenye jedwali lako la vyeo.

Barua na CV

Kwa tangazo la Sekretarieti, barua huelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Kwa kazi za halmashauri tangazo linaweza kukutaka umwandikie Mkurugenzi ingawa maombi yanapitia mfumo uleule. Nakili anwani ya tangazo ulilonalo, usinakili ya tangazo la mwaka jana. Barua isainiwe kwa mkono, iskanwe, ipakiwe. Barua isiyosainiwa ni sababu ya kuenguliwa.

Ukurasa mmoja unatosha. Kichwa cha barua kitaje cheo kama kilivyo kwenye tangazo na namba ya kumbukumbu kama ipo. Aya ya kwanza: unaomba kazi gani, umeliona tangazo wapi na la tarehe gani. Aya ya pili: sifa zao, moja baada ya nyingine, na uthibitisho wako kwa kila moja. Aya ya tatu: kazi ulizofanya, hata fildi, kwa vitendo vinavyopimika. "Nilipanga upya majalada ya masijala ya wazi na kuandaa rejista yake" inaeleza jambo. "Ni mchapakazi na najituma" haielezi chochote, na kila mwombaji ameiandika.

CV iwe kurasa mbili, na tatu kwa mwenye uzoefu mrefu. Wadhamini wawe watatu, wanaojua wewe ni nani kikazi au kimasomo, na wawe wamekubali. Piga simu zao kabla ya kuziandika. Mdhamini aliyebadilisha laini ni sawa na kutokuwa naye. Kwa mwajiri binafsi, badilisha mpangilio wa CV kulingana na tangazo: kwa AMCOS anza na hesabu na vitabu ulivyoshika, kwa shirika anza na lugha, kompyuta na kazi ya jamii. Kiswahili kikiwa ndiyo lugha ya tangazo, jibu kwa Kiswahili.

Watu nao ni chanzo

Hapa hatuzungumzii kujuana kwa maana ya kupenyezewa kazi. Tunazungumzia kumuuliza anayefanya kazi hiyo mambo yasiyoandikwa: mwajiri anatangaza lini, usaili wa vitendo unapima nini, programu gani inatumika ofisini. Fildi ndiyo nafasi bora, na wengi huimalizia kwa kujaza logibuku tu. Kabla ya kuondoka, muulize afisa utumishi ni kada gani ina upungufu, na muombe msimamizi ruhusa ya kumtaja kama mdhamini.

Ukimwandikia mtu usiyemfahamu, swali liwe moja, lenye kujibika kwa dakika tano. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu hapa Tabora. Namba yako nimepewa na msimamizi wangu wa fildi. Samahani kwa kukusumbua. Naomba kujua, kwenye usaili wa vitendo wa kada yetu, huwa wanapima zaidi upangaji wa majalada au matumizi ya kompyuta? Asante sana, mama."

Haombi kazi, haambatishi CV, na anataja aliyempa namba. Asipojibiwa ndani ya wiki, akumbushe mara moja, kisha aache.

Ukiitwa kwenye usaili

Orodha hutoka kwenye tovuti kama PDF ndefu. Tafuta jina lako kwa kitufe cha kutafuta, na ujaribu pia kwa jina la mwisho peke yake. Ukilikuta, ingia kwenye akaunti yako unakili namba ya mtihani, kwa sababu siku ya usaili haitolewi. Chukua vyeti halisi vyote kuanzia cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, kitambulisho kimoja kinachotambulika (NIDA, mpiga kura, leseni au hati ya kusafiria), na hati ya majina kama unayo. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Soma kwenye tangazo usaili ni mkoa gani kabla ya kukata tiketi. Dodoma si mahali pekee siku hizi.

Usaili wa mchujo huwa wa kuandika, mara nyingi kwa kompyuta. Maswali hutokana na majukumu ya cheo, sheria za utumishi na ujuzi wa kazi, kwa hiyo PDF ya tangazo uliyoitunza ndiyo muhtasari wako wa kusoma. Kada nyingine zina usaili wa vitendo kabla ya mahojiano. Mhazili ataketishwa mbele ya kompyuta, dereva atapewa gari.

Anayefaulu mahojiano bila nafasi kutosha huweza kuwekwa kwenye kanzidata na kupangiwa kazi baadaye bila usaili mpya. Ndiyo maana laini ya simu uliyojaza isizimike na orodha za waliopangiwa vituo ziendelee kusomwa hata miezi kadhaa baada ya usaili. Orodha ikitoka na jina lako, tangazo lenyewe hueleza barua ya kupangiwa kituo inapatikanaje na siku ya mwisho ya kuripoti. Mwajiri atahakiki vyeti halisi upya kabla ya kukupa barua ya ajira, basi usivilaminishe, na usiviache kwa mjomba Nzega wakati wewe unaripoti Kaliua.